Kisukari na simu ya mkononi: kupima ni mwanzo, uamuzi ndio dawa

Wauguzi wa kliniki za kisukari wanaijua hali hii. Mgonjwa anafungua daftari lake la sukari, na vipimo vya mwezi mzima vimeandikwa kwa kalamu moja na mwandiko mmoja, bila hata kimoja kilichokatwa. Vimejazwa asubuhi hiyohiyo kwenye benchi la kusubiria. Tusimlaumu haraka. Kupima, kukumbuka na kuandika ni kazi isiyo na likizo, na mara nyingi hakuna aliyemweleza mgonjwa namba hizo zitamfaa nini yeye mwenyewe.

Leo kuna programu nyingi za simu zinazoahidi kuifanya kazi hiyo iwe nyepesi. Zinahifadhi vipimo, zinakumbusha muda wa dawa, zinachora grafu na nyingine zinatoa ushauri. Kabla ya kupakua yoyote, mgonjwa ajiulize swali moja: nikishaiona namba hii, nitafanya nini tofauti na jana? Programu inayomsaidia kujibu swali hilo ina thamani. Isiyomsaidia itamlia bando bure.

Sukari inavyopanda na kushuka

Chakula cha wanga, kama ugali, wali, muhogo au chapati, husagwa tumboni na kuwa glukosi inayoingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huiwezesha glukosi kuingia kwenye seli na kutumika kama nguvu. Kwa mwenye kisukari cha aina ya kwanza, kongosho karibu haitoi insulini kabisa. Kwa wenye aina ya pili, ambao ndio wengi, mwili hauitikii insulini ipasavyo, na baadaye kongosho nayo huelemewa. Sukari inayobaki kwenye damu kwa miaka huharibu macho, figo, neva za miguu na moyo.

Shirikisho la Kimataifa la Kisukari linakadiria kuwa mwaka 2024 watu wazima milioni 589 duniani walikuwa na ugonjwa huu. Wengi wao humwona daktari mara chache kwa mwaka. Maamuzi mengine yote hufanyika nyumbani, kazini na safarini: sahani ijazwe kiasi gani, dawa imezwe saa ngapi, leo nitembee au nipande bodaboda. Kila uamuzi huo unaigusa sukari, na homa, msongo wa mawazo na usingizi mbaya pia huipandisha.

Ndiyo maana kipimo kimoja kisicho na maelezo hakisemi mengi. Sukari ya milimoli 12 kwa lita saa mbili baada ya kula pilau na soda ina maana yake. Namba hiyohiyo alfajiri, kabla ya kula chochote, ina maana nyingine kabisa. Programu nzuri huweka namba, saa, chakula, dawa na mazoezi mahali pamoja, na baada ya wiki mbili mgonjwa anaanza kuona mwenendo. Huenda akagundua kwamba tatizo lake ni chai ya asubuhi na vitumbua, wakati siku zote aliulaumu ugali wa usiku.

Ushahidi unasemaje

Kuna kipimo cha maabara kiitwacho HbA1c kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu iliyopita. Uchambuzi wa utafiti mkubwa wa Uingereza ujulikanao kama UKPDS, uliochapishwa mwaka 2000, ulionyesha kuwa kila kipimo hicho kiliposhuka kwa pointi moja, mathalani kutoka asilimia 9 hadi 8, hatari ya madhara ya mishipa midogo ya damu, kama ya macho na figo, ilikuwa pungufu kwa asilimia 37.

Mwaka 2011 zilichapishwa nchini Marekani habari za jaribio lililofanyika jimbo la Maryland kwa watu wenye kisukari cha aina ya pili. Baadhi walipewa programu ya kampuni ya WellDoc iliyojibu vipimo vyao papo hapo, huku madaktari wao wakipata taarifa hizo pamoja na mapendekezo ya matibabu. Baada ya mwaka mmoja, HbA1c ya kundi hilo ilishuka kwa pointi 1.9. Waliopata huduma ya kawaida walishuka kwa pointi 0.7.

Simu janja si lazima. Mwaka 2014 Senegal ilianza mpango wa mDiabetes, ikisaidiwa na Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kimataifa la Mawasiliano, wa kutuma ujumbe mfupi wa maandishi unaosomeka hata kwenye kitochi. Mwezi wa Ramadhani ulipewa uzito wa pekee, kwa kuwa saa za kula na za dawa hubadilika. Ujumbe wa namna hiyo ungewafaa sana wafungaji wa Zanzibar, Tanga, Mombasa na Lamu: wazungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama, wapime mchana, na wafungue mara moja sukari ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita.

Hata hivyo ujumbe peke yake una mipaka. Jaribio la Afrika Kusini na Malawi lililochapishwa mwaka 2021, lenye washiriki zaidi ya 1,000, lilikuta kuwa ujumbe mfupi haukuongeza idadi ya wanaochukua dawa zao ipasavyo. Ukiyaweka majaribio haya mawili pamoja, somo linaonekana. Maryland kulikuwa na mtu upande wa pili aliyeziona namba na kuweza kubadilisha dawa. Ukumbusho usio na mtu wa kuufuatilia huzoeleka, kisha hupuuzwa.

Mahali pa kuwa na tahadhari

Hatari ya kwanza ni programu zinazokokotoa dozi ya insulini. Watafiti wa Imperial College London walichunguza programu 46 za aina hiyo na kuchapisha matokeo mwaka 2015. Asilimia 67 zilikuwa na uwezekano wa kupendekeza dozi isiyofaa. Insulini ikizidi, sukari inaweza kushuka hadi mtu akapoteza fahamu, na hata kufa. Usitumie kikokotoo cha dozi ambacho timu yako ya matibabu haijakipitisha.

Ya pili ni madai ya kupima sukari kwa saa au pete bila kutoboa ngozi. Februari 2024 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilionya kuwa haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayodai kupima sukari yenyewe kwa njia hiyo. Simu hupokea namba tu. Kipimo hutoka kwenye tone la damu, au kwenye kihisio kinachoingizwa chini ya ngozi.

Ya tatu ni uniti za kipimo. Nchi nyingine hutumia miligramu kwa desilita, na huko 126 ni sawa na milimoli 7 kwa lita. Hakikisha programu na mashine yako ya kupimia zinatumia uniti moja.

Ya nne ni siri zako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016 ulichunguza programu 211 za kisukari za simu za Android na kukuta asilimia 81 hazikuwa na sera ya faragha. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2019. Una haki ya kuuliza taarifa zako za afya zinakwenda wapi, na programu isiyo na jibu ifute.

Kuna pia suala la chakula chetu. Programu nyingi zilizotengenezwa ng'ambo zinaujua mkate na tambi lakini haziijui mihogo ya nazi. Watengenezaji wa hapa hawana kisingizio, kwa sababu Tanzania ilitoa majedwali ya virutubisho vya vyakula vyake mwaka 2008 na Kenya mwaka 2018.

Anza hivi

Vijiti vya kupimia ni ghali, basi kila kimoja kilete jibu. Kama muuguzi wako anakubali, chagua mlo mmoja kwa siku, upime kabla ya kula na tena saa mbili tangu uanze kula. Kesho chagua mlo mwingine. Kwa wiki moja utatumia vijiti 14. Kwa watu wazima wengi lengo ni kati ya milimoli 4.4 na 7.2 kwa lita kabla ya kula, na chini ya 10 baada ya saa mbili, ingawa wajawazito, wazee na wenye maradhi mengine hupangiwa malengo yao.

Sukari ikiwa chini ya 3.9, usianze kutafuta ushauri kwenye simu. Kunywa maji yenye vijiko vidogo vitatu hadi vinne vya sukari, au nusu glasi ya soda ya kawaida, kisha pima tena baada ya dakika 15. Aliyepoteza fahamu asinyweshwe kitu chochote. Apelekwe hospitali haraka.

Siku ya kliniki, fungua grafu mbele ya daktari na uulize: nibadilishe nini? Na kliniki nazo ziteue mtu wa kuzisoma namba hizo, zimpe muda wa kazi hiyo na simu ya kumpigia mgonjwa ambaye sukari yake imekataa kushuka. Kununua programu bila kumweka mtu huyo ni kumwachia mgonjwa mzigo uleule aliokuwa nao, sasa ukiwa na kioo kinachong'aa.