Jiwe jeupe linalohesabu saa

Wachimbaji wa Misisi na milima ya Fizi wanalijua vizuri: jiwe jeupe, gumu, linalobeba mshipa wa dhahabu. Tunaliponda, tunachukua dhahabu, mabaki tunayatupa. Ndiyo kwatzi. Kumbe kwatzi inayokuzwa kiwandani ndiyo inayohesabu saa ndani ya montre za mkono, tangu mwaka 1969: katika montre nyingi za leo, kipande kidogo kinatikisika mara 32,768 kila sekunde.

Hiyo inatuhusu nini? Simu inayosoma GPS inapima muda ambao wimbi la redio limetumia kutoka satelaiti. Ukikosea sehemu moja ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300 hivi. Na mipaka ya ZEA, eneo la wachimbaji wa mikono, inaandikwa kwa namba hizo za GPS. Ukichimba nje yake, hata karte yako haikusaidii.

Sasa wahandisi wanatengeneza saa ndogo zaidi: kijiti cha silikoni, chembamba kuliko unywele, kinachotikisika. Lakini sauti yake ni ndogo, kelele za joto na umeme zinaifunika. Si tukisukume kwa nguvu tu? Hapo ndipo shida inaanza. Angalia ndoo inayoning'inia kwenye kamba ya shimo: ikiyumba sana, inakawia kurudi kuliko ikiyumba kidogo. Kijiti nacho, kikisukumwa sana, mwendo wake unabadilika, chenyewe kinaharakisha. Basi nguvu ikicheza kidogo tu, saa inakosea.

Mwaka 2012, Darío Antonio na Daniel López wa maabara ya Argonne, Marekani, pamoja na Damián Zanette wa Bariloche, Argentina, walionyesha dawa. Walikisukuma kijiti mpaka mwendo wake ukafika theluthi moja ya mwendo wa mtikisiko wake mwingine, ule wa kujisokota. Hapo mitikisiko miwili ikashikana kama ndugu wanaogawana mzigo: nguvu ikizidi, wa pili anaipokea, na mwendo wa kwanza unabaki palepale.

Kazi hiyo bado ni ya maabara. Kwa leo, ndugu zetu, simu ya kawaida inaweza kukosea mita kadhaa hata mahali wazi, na bonde au miti mingi inaongeza kosa. Kabla ya kufungua shimo karibu na mpaka, someni namba mara kadhaa, mahali panapoonekana mbingu, muziandike zote. Somo moja halitoshi kuamua mpaka.