Kansa ya Matiti: Miezi Miwili Haitoshi



Wanawake wengi wanafanya kazi katika mashamba ya chai, mashamba ya miwa na viwanda vya Uganda. Kansa ya matiti ni moja ya magonjwa yanayowapata. Wanaume nao huupata, ingawa ni wachache. Chama hakina dawa ya ugonjwa huu. Dawa iko hospitali. Lakini mgonjwa akikatiza matibabu kwa kukosa ruhusa, nauli au mshahara, hilo ni jambo la kazi, na linatuhusu sote.

Kwanza tujue matibabu yanavyokwenda. Si kila uvimbe katika titi ni kansa, na daktari hawezi kujua kwa kutazama tu. Hutoa kipande kidogo cha nyama, kikapimwa maabara. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba upimaji usizidi siku 60 tangu mgonjwa afike kwa daktari mara ya kwanza, na kwamba wagonjwa zaidi ya 80 katika kila 100 wamalize matibabu yao yote.

Baada ya kupimwa, wengi hupasuliwa, na kidonda huhitaji wiki kadhaa kupona. Wengi hutiwa dawa kali kwa njia ya mshipa, mara nyingi kila baada ya wiki tatu. Akipangiwa mara 6, hizo ni kama wiki 18. Wengine huhitaji mionzi, siku tano kwa wiki, kwa wiki tatu hadi tano. Baadaye wapo wanaomeza vidonge kila siku kwa miaka 5 au zaidi. Basi mtu anaweza kuwa mikononi mwa madaktari zaidi ya miezi sita.

Sasa tutazame sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 ilimpa mfanyakazi mgonjwa mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza. Ugonjwa ukiendelea hadi mwisho wa mwezi wa pili, mwajiri aliruhusiwa kuvunja mkataba wa kazi, mradi atimize yote yaliyomo ndani yake. Miezi miwili ni siku 60. Kupima peke yake kunaweza kuzimaliza kabla mgonjwa hajapata tone moja la dawa.

Ndiyo maana wapo wanaoficha uvimbe. Mama anaogopa kumweleza nyapara mwanamume, anaogopa kufutwa kazi, anakaa kimya mpaka titi linatoa kidonda. Wapo pia wanaoanza dawa na kuacha katikati. Chuo cha Kansa cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 1967, kiko Mulago, Kampala. Kutoka mashamba ya chai ya Fort Portal ni karibu kilomita 300. Mwaka 2016 mashine ya mionzi iliyokuwa hapo iliharibika, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Wakati huo wote nchi ilijua kwamba mgonjwa anaweza kukosa matibabu kwa kukosa mashine. Anayekosa nauli na ruhusa ya kazi naye hukosa matibabu, lakini yake hayatangazwi redioni.

Sheria ni kima cha chini. Mkataba wa pamoja kati ya chama na mwajiri unaweza kutoa zaidi. Tunashauri kila tawi lipeleke madai haya mezani:

1. Likizo ya ugonjwa iwe angalau miezi sita kwa magonjwa yenye matibabu marefu, na kazi ya mgonjwa imngojee.

2. Siku za kwenda hospitali zihesabiwe moja moja. Wapo wanaoweza kufanya kazi kati ya dawa moja na nyingine.

3. Anayelipwa kwa kilo au kwa kipande alipwe wastani wake wa kawaida siku za ugonjwa.

4. Mwajiri asaidie nauli ya mgonjwa na ya mtu mmoja wa kumsindikiza.

5. Anayerudi apewe kazi nyepesi bila kupunguziwa mshahara. Mkono wa upande uliopasuliwa unaweza kuvimba, hivyo kapu la chai au gunia lirudi kidogo kidogo, kama daktari anavyoshauri. Apewe glavu ili asijikate.

6. Kila zahanati ya kampuni iwe na chumba cha faragha na muuguzi mwanamke, na habari za mgonjwa zisipelekwe ofisini bila idhini yake.

Mgonjwa naye amjulishe mwajiri mapema na kutunza kila cheti cha daktari. Akishindwa kwenda ofisini, mwakilishi wa tawi apeleke cheti na kudai nakala iliyopigwa mhuri.

Sisi wenzake pia tuna wajibu. Kansa haiambukizi, wala si uchawi. Tule naye na tuchote maji naye. Anayekwenda Mulago asiende peke yake, maana maelezo ya daktari ni mengi na masikio mawili hayatoshi. Akipata homa wakati wa dawa, afikishwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu dawa hizo hupunguza nguvu za mwili kupigana na maradhi.

Makatibu wa matawi, lisomeni jambo hili katika mkutano kabla ya mazungumzo yajayo na waajiri. Waiteni akina mama waseme wenyewe wanayoyataka, kisha yaandikwe.

Umoja ni nguvu.