Pikipiki Yako Inanyweshwaje?

"Bosi, hii haina kabureta," fundi aliniambia akiwa bado amechuchumaa, bisibisi mkononi. "Sasa mimi nifungue nini?"

Ilikuwa Makambako, jua linazama, na upepo wa kule haukuulizi kama umebeba koti. Pikipiki ilikuwa imezima ghafla ikagoma kuwaka. Fundi yule namwamini. Angewekewa Boxer mbele yake angeshusha kabureta, akaipuliza na kuirudisha kabla chai yangu haijapoa. Ya kwangu ilikuwa ya EFI, mfumo unaopulizia petroli kwa umeme. Nikaipakia kwenye Canter hadi Iringa, nikalala gesti, na asubuhi ikaonekana fyuzi ya pampu ya mafuta imeungua. Fyuzi yenyewe ni ya bei ya soda. Canter na gesti ndivyo vilivyoniuma.

Sisemi hivi ili kuiponda EFI. Miezi yote niliyoitumia Dar kabla ya safari ile haikunisumbua hata siku moja, na kituo cha mafuta nilikipitia mara chache kuliko zamani. Ila tukienda dukani tunauliza bei, tunauliza cc, tunauliza kama inakula mafuta. Hatuulizi petroli inafikaje kwenye injini, wakati hapo ndipo utakapojua utalipa nini baada ya kutoka dukani, na utamlipa nani.

Kabureta ni ndugu wa ile pampu ya kizamani ya kupulizia dawa ya mbu. Unasukuma mpini, hewa inapita kwa kasi juu ya kijibomba, dawa inapanda yenyewe kutoka kwenye kopo na kutoka kama ukungu. Kwenye pikipiki anayevuta hewa ni pistoni. Hewa ikifika kwenye koo jembamba la kabureta inakimbia zaidi, mgandamizo wake unashuka, na petroli inapanda kupitia kitundu kidogo kiitwacho jeti. Chini kuna bakuli lenye boya linalofanya kazi kama lile la tangi la choo: petroli ikijaa linafunga, ikipungua linafungua. Hakuna pampu wala waya. Petroli inateremka kwa uzito wake. Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, walisajili kabureta yao mwaka 1893, na wangefufuka leo wakaonyeshwa ya bodaboda wangeielewa bila kufundishwa.

EFI haitegemei mvuto wa hewa. Pampu ya umeme iliyozama ndani ya tangi inasukuma petroli kwa mgandamizo wa takriban bar 3 hadi kwenye nozeli. Nozeli inafunguka kwa milisekunde chache tu, na kompyuta ndogo ndiyo inayoamua ifunguke kwa muda gani, baada ya kusoma joto la injini, hewa inayoingia na umevuta resi kiasi gani. Injini ya petroli huunguza vizuri ikipata karibu gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu moja ya petroli. Kabureta hukisia kipimo hicho. EFI hukipima.

Sasa tuingie kwenye pesa, maana dukani utaambiwa EFI "inakula nusu". Haili nusu. Kabureta nzima, iliyopangwa na mtu anayejua, haiachwi mbali namna hiyo. Mimi nitachukua asilimia 10, kwa ajili ya hesabu tu. Ya kwako inaweza kuwa juu au chini kidogo.

Chukua bodaboda wa mjini anayekwenda kilomita 120 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 37,440. Pikipiki ya kabureta ikimpa kilomita 45 kwa lita, anatumia lita 832. Petroli tuiweke shilingi 3,000 ili vichwa visituume. Bei ya kweli mamlaka ya nishati ya Tanzania, EWURA, huitangaza Jumatano ya kwanza ya mwezi, na Kenya wanaisubiri mamlaka yao, EPRA, tarehe 14. Asilimia 10 ya lita zile ni lita 83, karibu shilingi 250,000 kwa mwaka. Sasa mchukue mwalimu anayekwenda shuleni na kurudi, kilomita 20 kwa siku hizo hizo. Mwaka mzima anatumia lita 139. Akiokoa asilimia 10 ni lita 14, yaani shilingi 42,000. Tuseme ya EFI imeizidi ya kabureta kwa shilingi 400,000 dukani. Bodaboda anairudisha tofauti hiyo kwa miezi 19 hivi. Mwalimu atasubiri miaka tisa na nusu, na sijui pikipiki gani ya shule itakayofika huko bila kubadilishwa injini.

Kwa hiyo swali la kwanza ni kilomita zako. La pili ni mwinuko wa unakoishi, na hili wauzaji hawaligusi kabisa. Hewa ya Nairobi, karibu mita 1,800 juu ya bahari, ina mgandamizo wa takriban asilimia 80 ya ule wa Mombasa. Kabureta haijui kwamba imepanda. Inaendelea kutoa petroli kwa jeti ile ile wakati hewa imekuwa nyepesi, na kwa kanuni ya hesabu mchanganyiko unazidi petroli kwa karibu asilimia 9. Ndivyo inavyokuwa pia kwa pikipiki iliyopangwa Dar ikapelekwa Mbeya. Utaisikia ikikohoa asubuhi, na ukifungua plagi utaikuta nyeusi ya masizi. Plagi ya injini inayokula sawasawa ina rangi ya kahawia. Ikiwa nyeupe, petroli ni haba na injini inachemka. Dawa ni jeti ndogo zaidi, kitu rahisi, lakini ni wangapi wamewahi kubadilishiwa jeti kwa sababu ya kuhama mkoa? Wengi huambiwa "ndivyo zilivyo" na kukaziwa skrubu ya sailensi.

EFI hujirekebisha yenyewe. Zaidi ya hapo, ukiteremka mlima wa Lushoto umeachia resi, mifumo mingi ya EFI hukata petroli kabisa hadi mwendo upungue. Kabureta huendelea kunyonya kidogo kidogo kupitia kitundu chake kiitwacho pailoti hata ukiwa kwenye mteremko. Ajabu yake ni kwamba EFI inafaa zaidi milimani, na huko huko ndiko fundi wa EFI alikoadimika. Nimelipia Canter kulijua hilo.

Sasa nizungumzie tabia yetu moja, maana naona ndiyo inayoua EFI nyingi kuliko ubovu wa kiwandani. Pampu iliyo ndani ya tangi hupozwa na petroli inayoizunguka. Bodaboda wetu, na mimi nikiwa na njaa ya mwisho wa mwezi, tunaweka ya elfu tatu asubuhi, ya elfu mbili mchana, na tangi linashinda likiwa tupu. Kwa kabureta hilo halina madhara makubwa, na ikikatika unageuza koki kwenye rizevu, unafika kituoni. EFI nyingi hazina koki. Pampu inabaki juu ya mafuta, inazunguka kwa joto, inavuta uchafu uliotulia chini, na siku moja inakufa. Bei ya pampu haifanani na bei ya jeti. Jeti na vifaa vidogo vya kabureta ni vitu vya kutoa mfukoni bila kuaga nyumbani. Pampu ya EFI, hasa ya kampuni, hukufanya uketi kwanza. Kama biashara yako haikuruhusu kuweka walau robo tangi muda wote, ile 250,000 niliyoihesabu juu usiitegemee.

Petroli yenyewe nayo ina mambo yake. Vijijini tunanunua ya kidumu na ya chupa, na ndani yake hukosi maji, vumbi na wakati mwingine mafuta ya taa. Uchakachuaji huu serikali zetu zimepambana nao kwa kodi: Tanzania ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, Kenya ikaweka tozo ya shilingi 18 za Kenya kwa lita mwaka 2018, zote zikitaka kuua faida ya kuchanganya. Kabureta ikinywa maji, unalegeza skrubu iliyo chini ya bakuli, unamwaga, unaondoka. EFI ikinywa maji, yanapita kwenye chujio, pampu na nozeli, na kusafisha nozeli vizuri kunahitaji mashine. Fundi akikuambia ataipuliza kwa mdomo, chukua ufunguo wako.

Kabureta nayo ina adui wake, ambaye ni kukaa. Petroli ikilala wiki nyingi kwenye bakuli, sehemu yake nyepesi huyeyuka hewani na kuacha utomvu unaoziba pailoti, kitundu chembamba kuliko vyote. Ndiyo maana jenereta ndogo za nyumbani hugoma siku umeme ukikatika, wakati ndipo zinapotakiwa. Funga koki na uiache ingurume hadi izime yenyewe kabla ya kuihifadhi. Pikipiki ya shamba, inayotoka msimu hadi msimu, ifanyie vivyo hivyo.

Betri ni jambo fupi. Ya kabureta ikiishiwa betri unapiga kiki au unasukumwa na abiria wako. Nyingi za EFI zinahitaji umeme wa kuzungusha pampu kwanza, na betri iliyofungiwa spika mbili na taa za rangi saba haina umeme huo. Kwa upande mwingine, wezi wa mafuta wanaipenda kabureta: bomba linachomolewa kwenye koki, chupa inajaa, wewe uko ndani unakunywa supu. EFI huwapa kazi zaidi.

Kuhusu vipuri, kabureta inakupa uhuru unaokuja na mtego. Za kuiga zimejaa maduka yote, na ile yenye alama PZ27, inayoingia kwenye injini nyingi za Kichina zilizofuata muundo wa Honda CG125, utaipata hata kwenye gulio. Lakini mbili zenye alama hiyo hiyo zinaweza kuwa na vitundu tofauti kabisa. Nimeona mtu akibadilisha kabureta iliyotaka kusafishwa tu, akafunga ya bei rahisi, na tangu siku hiyo pikipiki ikaanza kunywa kama ng'ombe aliyetoka machungani. Kusafisha ni elfu chache. Anza na hapo, dai urudishiwe jeti zile zile, na kabureta iliyotoka na pikipiki usiitupe hata kama fundi anaitaka "kama skrepa".

Wapo wanaohofu kwamba kabureta inakufa na vipuri vitatoweka. Huko India, zinakotoka Boxer na TVS, tangu Aprili 2020 kanuni za moshi za BS-VI zimewasukuma watengenezaji kuhamia EFI kwa pikipiki mpya karibu zote. Lakini Boxer na TVS HLX tunazozipanda huku nyingi bado ni za kabureta, na ziko barabarani kwa wingi. Katika muda wa mkopo wa pikipiki yako, jeti hazitakosekana.

Kwa anayenunua gari lililotumika, mabishano haya yameshaisha: kabureta utaikuta kwenye magari ya zamani tu. Huko kilichobaki ni kuchagua EFI ya namna gani, na Toyota wameandika jibu kwenye jina la injini. Herufi E mwishoni, kama 1NZ-FE au 3S-FE, inamaanisha EFI. Ukikuta S imeingia katikati, kama 3S-FSE au 1AZ-FSE iliyofungwa kwenye baadhi ya Noah, Voxy na RAV4 za Japani, hiyo ni D-4: petroli inapulizwa moja kwa moja ndani ya silinda, kwa mgandamizo unaozidi ule wa EFI ya kawaida kwa zaidi ya mara 20. Inaokoa mafuta ikiwa nzima. Lakini pampu yake ya mgandamizo mkubwa haipendi petroli chafu, na kwa kuwa petroli haipiti tena juu ya valvu za kuingizia hewa, masizi hujijenga hapo bila kuoshwa. Kati ya gari mbili zinazofanana, moja FE na nyingine FSE, mimi nachukua FE hata ikizidi bei kidogo.

Tukirudi kwenye pikipiki, kabla hujalipia ya EFI nenda kwenye duka la vipuri la mji unaoishi, si la Kariakoo, uulize bei ya vitu vitatu: pampu ya mafuta, nozeli, na sensa ya resi. Wakikuambia "hiyo tunaagiza", umeshapata jibu. Kisha tafuta fundi mwenye mashine ya kusomea kompyuta ya pikipiki hiyo, na umwombe akuonyeshe mashine hiyo ikiwa inawaka. Ukivipata vyote viwili, vipuri na fundi, na unakwenda zaidi ya kilomita 80 au 100 kwa siku, chukua EFI. Ukikosa kimoja, chukua ya kabureta.

Mimi ya Dar nimebaki nayo, ni ya EFI, na chini ya kiti nimeweka fyuzi nne za akiba. Ya kwenda shamba nimenunua ya kabureta.