Mkanda Mweusi: Nguvu Inayotolewa Mbele ya Mashahidi

Miongoni mwa vijana wa Baraka na Fizi, na wa vijiji vya wavuvi vya rasi ya Ubwari, wengi wanaojiunga na mafunzo ya karate au judo huvutwa kwanza na sinema, ambamo mtu mmoja asiye na silaha huwaangusha kumi wenye nazo. Na kwa hiyo mkanda mweusi, kabla hawajaufahamu, huwa machoni pao kama hati ya kuogopwa. Mimi siwalaumu. Mtoto aliyekulia katika nchi ambayo tangu maasi ya 1964 na 1965, na tena tangu vita vya 1996, imepokezanwa mara kwa mara na wenye bunduki, ana haki ya kutamani kitu kitakachomzuia asionewe. Lakini mkanda huo una tarehe yake, na mwenye kuifuata tarehe hiyo kwa makini ataona kwamba waliouanzisha walikusudia jambo lililo karibu kuwa kinyume cha tamaa hiyo, jambo ambalo Fizi yetu inalihitaji kuliko mengi ninayoyasikia yakisifiwa.

Kano Jigoro alikuwa mwalimu wa shule, mtu wa kimo kifupi, ambaye mwaka 1882 alifungua chuo chake cha judo, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, katika chumba kilichoenea mikeka 12 tu, na wanafunzi wake walikuwa 9. Mwaka uliofuata akawapandisha wawili wao, Tomita Tsunejiro na Saigo Shiro, hadi dani, yaani daraja, ya kwanza, na miaka michache baadaye, yapata 1886, akaanza kuwafunga wenye dani mkanda mweusi ili wapambanuke na wanafunzi wengine. Mikanda ya njano, ya kijani na ya buluu, tunayoiona leo viunoni mwa watoto, ilienea baadaye sana huko Ulaya, hasa kwa juhudi za Kawaishi Mikinosuke aliyefundisha Paris katika miaka ya 1930. Katika karate, Funakoshi Gichin, naye pia mwalimu wa shule, aliyehamia Tokyo kutoka Okinawa mwaka 1922, aliufuata utaratibu wa Kano, akatoa mikanda yake myeusi ya kwanza Aprili 1924. Iko hadithi inayopendwa sana, ya kwamba hapo kale mwanafunzi alikuwa na mkanda mmoja tu, mweupe, ambao haukufuliwa kamwe, ukageuka mweusi kwa jasho na vumbi la miaka. Ni hadithi nzuri, lakini tarehe haiithibitishi. Tangu siku ya kwanza mkanda mweusi ulikuwa kitu cha kutolewa: palikuwa na mtu aliyeutoa, na mtu aliyeupokea, na watu waliokuwa wakitazama.

Tena mkanda huo haukuwekwa kuwa kilele. Katika hesabu ya Kodokan dani ni 10, na ile ya kwanza, ambayo kijana wetu huiota usiku na mchana, ndiyo ya chini kuliko zote. Kuanzia dani ya sita mwalimu huruhusika kuvaa mkanda wenye mapande mekundu na meupe, na wa dani ya tisa na ya kumi huvaa mwekundu. Aliyefikia dani ya kwanza, basi, amehesabiwa kuwa amejua misingi, na kwamba sasa yafaa kuanza kufundishwa kwa kweli.

Na misingi hiyo ni ipi? Mwanafunzi wa judo hafundishwi kwanza kumwangusha mwenziwe. Hufundishwa kuanguka yeye mwenyewe, kwa nyuma na kwa ubavu na kwa kubingiria mbele, akiingiza kidevu kifuani ili kichwa kisipige chini, na akiupiga mkeka kwa kiganja na mkono mzima ili kishindo kisiingie mgongoni. Huanguka hivyo siku baada ya siku, mpaka woga wa ardhi umtoke. Baada ya hapo ndipo hufundishwa namna za kuangusha, na hapo hulazimika kujua jambo lililo zito zaidi, kwamba hakuna mbinu hata moja anayoweza kujifunza peke yake: kila namna ya kutupa aliyoijua ameijua juu ya mwili wa mwenziwe, aliyekubali kushikwa na kuinuliwa na kupigishwa chini mara zisizo na hesabu, akitumaini kwamba anayemtupa hatauachia mkono wake kabla hajafika mkekani salama. Siku anapofungwa mkanda mweusi, aghalabu baada ya miaka mitatu, minne, mitano au zaidi, mtu huyo ni mdaiwa. Wapo waliompa miili yao ajifunze, yuko mwalimu aliyempa jioni zake, na deni hilo hulipwa kwa njia moja tu, nayo ni kuwafanyia wanaomfuata kama alivyofanyiwa. Katika karate ni vivyo hivyo, ingawa sura ni nyingine: mwanafunzi hurudia kata, yaani mifuatano maalumu ya mapigo na kinga, zile zile mpaka mwili uzijue bila kuulizwa, na katika mazoezi ya wawili wawili hupimwa kwa ngumi aliyoweza kuizuia ilipokaribia uso wa mwenziwe, wala hasifiwi kwa ile iliyompasua. Kano mwenyewe aliiweka elimu yake juu ya nguzo mbili, kwamba nguvu itumike kwa namna iliyo bora, na kwamba mimi na mwenzangu tusitawi pamoja.

Watu wa nchi hii hawakungoja Wajapani wawafundishe kwamba heshima hupandwa kwa daraja. Walega, na Wabembe walio jamaa zao, walikuwa na Bwami, chama ambacho mtu hakuingia kwa kuzaliwa wala kwa kushinda vita, bali aliingizwa na kupandishwa daraja baada ya daraja kwa idhini ya waliomtangulia, na kwa mali iliyochangwa na ukoo mzima, akifundishwa mithali na ngoma, na akikabidhiwa kofia na vinyago ambavyo kila kimoja kilibeba fundisho la mwenendo. Mtu wa daraja la juu alitazamiwa kuwa mpole, mwenye kusuluhisha, asiyepayuka mbele za watu. Serikali ya Wabelgiji, iliyoogopa kila heshima isiyotoka mkononi mwake, ilikipiga marufuku chama hicho mwaka 1948. Sidai kwamba dojo, yaani ukumbi wa mazoezi, ni Bwami. Nasema tu kwamba babu zetu wangeuelewa mkanda mweusi upesi kuliko tunavyouelewa sisi tuliozoea kuona cheo kikitwaliwa kwa mtutu.

Tazama habari za wanajudo Popole Misenga na Yolande Mabika, wote wawili wazaliwa wa Bukavu, katika jimbo letu hili hili la Kivu Kusini. Vita viliwatenga na wazazi wao wakiwa watoto. Misenga, ambaye mama yake aliuawa, alitangatanga msituni siku 8 kabla ya kuokotwa. Wote wakapelekwa Kinshasa, na huko, katika makao ya watoto waliopotezana na jamaa zao, wakafundishwa judo. Misenga amesimulia kwamba judo ilimpa utulivu na nidhamu pale ambapo hakuwa na familia ya kumpa. Lakini wamesimulia pia upande wa pili, wa kufungiwa na kunyimwa chakula waliposhindwa mashindano, na mwaka 2013, walipopelekwa Rio de Janeiro kwa mashindano ya dunia, wakatoroka, wakaomba hifadhi Brazil. Mwaka 2016, katika Olimpiki ya mji huo huo, waliingia ulingoni chini ya bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi, iliyokuwa na wanamichezo 10. Mabika alishindwa mapema. Misenga alimshinda Avtar Singh wa India, kisha akashindwa na Gwak Dong-han wa Korea Kusini, aliyekuwa bingwa wa dunia. Na katika michezo ya Tokyo, iliyofanyika 2021, alirudi tena.

Nimeyataja hayo yote, mazuri na machungu, kwa sababu yanaonyesha kwamba mkanda peke yake haumkingi mtu na mwalimu mbaya. Mwalimu anayemtesa mwanafunzi kwa kushindwa ameivunja ahadi ile ya mkekani, hata kama kiunoni mwake pana mkanda wa rangi yoyote. Na yuko mwingine wa kuogopwa pia, auzaye mkanda kwa fedha baada ya miezi michache, kwa kuwa kitambaa cheusi hupatikana sokoni na hati huchapwa kirahisi. Thamani ya mkanda imo katika silsila ya waliopokezana. Karate ya Goju-ryu ya Dar es Salaam, kwa mfano, hufuatisha nasaba yake hadi kwa Nantambu Camara Bomani, Mmarekani mweusi aliyeanza kufundisha katika shule ya Zanaki mwaka 1973, na kutoka kwake kurudi nyuma hadi Okinawa. Mwanafunzi wa huko akiulizwa nani alimfunga mkanda, ana jibu, na aliyemfunga naye ana jibu.

Bunduki haina jibu la namna hiyo. Kijana wa milima ya Fizi anaweza kukabidhiwa bunduki asubuhi, na kufikia jioni kila mtu kijijini akamwamkia kwa taadhima, hali hajajifunza lolote, hana anayemdai, wala hakuna aliyeshuhudia kwamba anastahili. Nguvu ya mkanda huja polepole, na huja kupitia mikono ya wengine, na aliyeipata hivyo aghalabu huwa mzito wa kuitumia ovyo.

Basi enyi wazazi wa Baraka, Fizi na Ubwari, mtoto akiomba kwenda kujifunza, msimkataze. Nendeni naye, mkamuulize mwalimu ni nani aliyemfunga mkanda wake, kisha kaeni mtazame anavyomshika mwanafunzi aliye mdogo kuliko wote. Nanyi mlio na madaraka katika mji na katika wilaya, wapeni walimu wa kweli nyumba yenye paa na mikeka, maana wapo vijana walio tayari kuanguka juu ya mchanga mtupu, na mchanga huvunja mifupa.