Kiyoyozi: Starehe au Haja?

Kila yanapoingia majira ya joto katika nchi za kaskazini, mabishano ya zamani huzuka upya baina ya Mfaransa na Mmarekani. Mgeni wa Kimarekani afikapo Paris huuliza kwanza kama chumba chake cha hoteli kina kiyoyozi. Akiambiwa hakina, huona amepunjwa. Mfaransa naye afikapo New York hutetemeka kwa baridi madukani na ndani ya treni za chini ya ardhi, akawahukumu wenyeji wake kuwa ni wafujaji. Wako wanaoyacheka mabishano hayo. Sisi hatuyacheki, kwani ndani yake limo suala la uhai wa watu.

Mmarekani hakuzaliwa na mazoea hayo. Mwaka 1902 mhandisi Willis Carrier alibuni mtambo wa kurekebisha hewa katika kiwanda cha uchapaji huko Brooklyn, ambako unyevu ulikuwa ukiharibu kazi. Mtambo ulitengenezwa kwa ajili ya karatasi, si kwa ajili ya binadamu. Baadaye ukaingia katika majumba ya sinema, na baada ya Vita Kuu ya Pili ukaenea majumbani, hata miji ya joto kali kama Houston na Phoenix ikapanuka kwa msaada wake. Leo karibu nyumba tisa katika kila kumi nchini Marekani zina kiyoyozi.

Ufaransa ilishika njia nyingine. Nyumba nyingi za kale zina kuta nene za mawe na madirisha ya kufungwa mchana na kufunguliwa usiku. Anayetaka kutundika mtambo nje ya jengo la pamoja hana budi kupata idhini ya wenzake. Kanuni za serikali zinaagiza kwamba viyoyozi visiwashwe mpaka joto la ndani lizidi nyuzi 26, na mwaka 2022 maduka yenye viyoyozi yaliamriwa kufunga milango yao au yatozwe faini. Michezo ya Olimpiki ilipofanyika Paris mwaka 2024, kijiji cha wanamichezo kilijengwa bila viyoyozi, kikapozwa kwa maji yapitayo chini ya sakafu. Wamarekani, pamoja na wengine, walikuja na mitambo yao.

Nani basi mwenye haki? Msiba umepiga hodi pande zote mbili. Mwezi Agosti 2003 joto liliua watu wapatao 15,000 Ufaransa, wengi wao wazee, na wengi wakiishi peke yao. Lakini Chicago nayo, katika nchi ile ile ya viyoyozi, ilipoteza watu zaidi ya 700 mwezi Julai 1995. Wengi wao walikuwa wazee na maskini waliokosa mtambo, au walioogopa gharama za umeme, au waliofunga madirisha kwa hofu ya wezi.

Ni dhahiri, basi, kwamba mtambo peke yake haumwokoi mnyonge aliyesahauliwa, na kuukataa mtambo hakumwokoi pia. Tena kiyoyozi hakiliondoi joto duniani: hulitoa chumbani na kulimwaga barabarani, akalipokea mpita njia. Ndiyo maana Paris imetandaza mabomba ya maji baridi chini ya mji, yakisaidiwa na mto Seine, nayo hupoza majengo makubwa likiwamo jumba la makumbusho la Louvre.

Sisi wa visiwani hatuko mbali na jambo hili. Wazee wetu wa Mji Mkongwe walijenga kwa mawe na chokaa, wakaacha ua katikati ili nyumba ipumue. Umeme wetu nao hupita chini ya bahari, na hatujasahau giza la miezi ipatayo mitatu lililoanza Desemba 2009. Siku zile, chumba kisichokuwa na dirisha la kufunguka kiligeuka tanuri.

Kwa hiyo tunawakumbusha wenye dhamana ya kupitisha ramani za majengo waulize maswali mawili. Je, jengo hili litakalika umeme ukikatika? Na je, ubaridi tunaoulipia kwa fedha za umma utamfikia nani kwanza: mgonjwa wodini, au karani na faili zake? Carrier alianza na karatasi. Sisi hatuna sababu ya kuanzia hapo.