Mkia wa neno "motari"

Viambishi navyo huhama kama watu. Mfano maarufu ni kiambishi tamati -nik. Katika lugha za Kislavoni humtaja mtu au kitu kwa kazi au hali yake. Kwa Kirusi, sputnik ni msafiri mwenza. Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kilikichukua na mara nyingi kukitia kejeli: nudnik ni mtu msumbufu. Sputnik iliporushwa angani tarehe 4 Oktoba 1957, mwaka uliofuata mwandishi Herb Caen wa San Francisco akabuni beatnik kuwadhihaki vijana waliokataa desturi. Shina ni la Kiingereza, mkia ni wa kigeni. Huko ndiko kuazima kiambishi chenyewe.

Kwetu Fizi na Baraka, wa kulinganishwa naye ni -ard ya Kifaransa. Ilitoka Kifaranki, hard, yaani "enye nguvu", kama katika jina Bernard, "shupavu kama dubu". Baadaye ikaelekea lawama: chauffeur ni dereva, chauffard ni dereva mzembe. Hata hivyo motard ni mwendesha pikipiki tu, bila tusi.

Sisi tulimeza neno zima. Tunasema motari, wakiwa wengi bamotari: utu unaonyeshwa mbele, kwa ba-, na mkia hauzai neno jipya. Hakuna amwitaye mvuvi "samakiari". Tumeazima neno, hatujaazima kiambishi.

Tofauti hii ina uzito katika neno maquisard. Maquis ni vichaka. Katika Vita vya Pili vya Dunia, Wafaransa waliopigana na Wajerumani kutoka maficho waliitwa hivyo kwa heshima. Neno likafika milima ya Fizi, kwenye maquis ya Hewa Bora ya Laurent-Désiré Kabila, aliyeunda chama cha PRP mwaka 1967. Kwa Mswahili, -ard hapo haisifu wala hailaumu. Mfasiri akiandika "mwasi", amehukumu. Akiandika "mpigania uhuru", amehukumu pia. Mzee hueleza maisha yake kwa Kibembe au Kiswahili, nasi tunayaandika kwa Kifaransa. Neno moja laweza kumpa sifa au kumtia hatiani.

Naona tuandike "mpiganaji wa msituni". Na mzee akijiita maquisard mwenyewe, tumwachie neno lake.