Anayefoka na Anayenuna

Kuna nyumba mtaani ambamo hamsikiki kelele mwaka mzima, na majirani huzisifu. Ukiingia ndani ndipo utaona mambo. Mke amepakua chakula, amekifunika kwa kawa, hasemi neno. Mume akiuliza kulikoni, anajibiwa, "Hakuna kitu." Siku ya tatu ujumbe bado unapitia kwa mtoto: "Kamwambie baba yako gesi imeisha."

Nyumba nyingine ni ile ya mlango kubamizwa na sahani kuvunjika. Anayefoka hulaumiwa, anayenuna husifiwa kuwa ana subira. Wanasaikolojia hawakubaliani na hukumu hiyo, kwa sababu mara nyingi wote wawili wanakimbia jambo moja: hisia iliyo chini ya hasira, ambayo hakuna aliye tayari kuitaja.

Mfano ni baba anayemsubiri binti yake hadi saa nne za usiku. Simu haipatikani. Anatoka barazani, anarudi ndani, anatoka tena. Binti akibisha hodi tu, baba anawaka: "Ulikuwa wapi wewe!" Nusu saa nzima mzee huyu alikuwa na hofu, wala hakuwa na hasira hata kidogo. Lakini kukiri hofu mbele ya mtoto ni kazi ngumu kwa mwanamume aliyelelewa kwa neno "jikaze", na hasira ndiyo hisia pekee aliyoruhusiwa kuionyesha bila kuchekwa. Wanawake wengi wamelelewa kinyume chake. Wakilia wanabembelezwa, wakikasirika wanaambiwa wana kisirani. Si ajabu kwamba pwani kanga imebeba mzigo huo kwa miaka mingi: mwenye lake moyoni anajifunga yenye jina la kijembe, anapita mbele ya mlango wa jirani, na akiulizwa anasema kavaa nguo tu.

Mwanasaikolojia wa Marekani Steven Hayes ameandika sana juu ya tabia hii ya kukwepa hisia. Mtego wake ni kwamba inafanya kazi, kwa muda mfupi. Anayekwepa mazungumzo magumu leo anapata nafuu leo hii hii, na nafuu hiyo ndiyo inayomfundisha kukwepa tena kesho. Deni linabaki pale pale.

Hata wazo likikwepwa halitoki. Mwaka 1987, mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake waliwaambia wanafunzi wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika 5, na kila akiwajia akilini wagonge kengele. Kengele ziligongwa. Baadaye waliporuhusiwa kumfikiria, dubu aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wale walioruhusiwa tangu mwanzo. Kama ndivyo ilivyo kwa dubu asiye na uhusiano nao wowote, itakuwaje kwa maneno aliyoyasema wifi mbele ya wageni?

Mwili nao haudanganyiki. Wanasaikolojia James Gross na Robert Levenson, katika utafiti wa mwaka 1993, waliwaonyesha wanafunzi filamu za kuchukiza, mojawapo ikiwa ya mkono unaokatwa hospitalini. Baadhi yao waliambiwa wasionyeshe chochote usoni. Nyuso zilitulia kweli, lakini kinyaa hakikupungua, na baadhi ya vipimo vilionyesha kuwa ndani mwili ulikuwa umeshtuka zaidi. Muongo mmoja baadaye Gross na wenzake waliwakutanisha wanawake wasiofahamiana ili wazungumzie filamu ya vita. Pale ambapo mmoja alificha hisia zake, shinikizo la damu lilimpanda hata yule aliyekuwa akizungumza naye. Kwa hiyo anayesema "mimi nanyamaza, simdhuru mtu" ana la kujibu.

Basi watu wafoke, yatoke? Ushauri huo ni maarufu, nao ni mbovu. Mwaka 2002, mtafiti Brad Bushman aliwachokoza wanafunzi 600 kwa kuwafanya waamini kuwa mwenzao ameponda vibaya insha waliyoiandika. Kundi moja lilipiga mfuko wa mazoezi ya ndondi huku likimfikiria mchokozi, jingine likapiga likifikiria afya, la tatu likakaa kimya dakika 2. Waliopiga huku wakimfikiria mbaya wao ndio waliobaki na hasira kubwa kuliko wote. Waliokaa tu walikuwa wapole zaidi.

Bushman akarudi kwenye suala hilo mwaka 2024 akiwa na Sophie Kjærvik, wakichambua tafiti 154 zenye washiriki zaidi ya 10,000. Shughuli zinazoutuliza mwili, kama kupumua polepole na kutafakari, zilipunguza hasira. Zile zinazoupandisha mwili moto hazikusaidia kwa ujumla, na kukimbia kulielekea hata kuiongeza hasira. Waislamu watakumbuka hadithi ya Mtume inayomwelekeza aliyekasirika akiwa amesimama akae, na isipomtoka alale.

Kutuliza mwili peke yake hakutoshi, maana anayenuna naye huonekana ametulia. Inabaki kuitaja hisia. Mwaka 2007 mtafiti Matthew Lieberman wa Los Angeles aliwapiga watu picha za ubongo wakitazama nyuso zenye hisia kali, akaona kwamba walipoitaja hisia kwa jina, sehemu ya ubongo inayopiga kengele ya hatari ilipunguza kazi. Nyumbani jambo hili ni sentensi moja tu, tena fupi: "Nimeumia ulivyonisema mbele ya mama. Sasa siwezi kuzungumza, tutaongea baada ya Isha." Ahadi ya saa ndiyo inayotenganisha subira na kununa, na bila shaka inatakiwa itimizwe.

Upo ukimya ambao haupaswi kulaumiwa hata kidogo, nao ni wa mtu anayenyamaza kwa kuogopa kipigo. Huyo hakwepi hisia, anajilinda, na asishauriwe kukaa mezani na anayempiga. Nchini Tanzania afike Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Nchini Kenya apige 1195. Kwa mtoto, namba katika nchi zote mbili ni 116.